Kuezeka na Kuezua: Maneno Manne ya STAAD

Chukua ghala la kawaida la kando ya barabara ya Musoma, pale Buzuruga, Mwanza: nguzo za chuma za mita 6, boriti za mita 9 zinazokatiza juu, papi za chuma kila baada ya mita 1.5, kisha mabati. Mhandisi akiliingiza kwenye STAAD.Pro, programu ya kukokotoa uimara wa majengo, uhai wa jengo hilo hutegemea maneno manne mafupi: LY, LZ, UNT, UNB. Nayasoma jinsi msomaji wa shairi anavyotafuta vituo, maana yote yanauliza jambo moja: chuma kinakwenda umbali gani kabla hakijakutana na kitu cha kukizuia kisijipinde kando?

Swali ni zito. Mwaka 1744 Leonhard Euler alionyesha kwamba nguzo nyembamba ikirefushwa mara mbili, mzigo unaotosha kuipinda hushuka hadi robo.

LY na LZ ni za nguzo: ya kwanza upande dhaifu, ya pili upande imara. Fundi akifunga papi ya ukutani katikati ya nguzo, kituo kimepatikana upande mmoja tu. LY inakuwa 3, LZ inabaki 6. Napenda uangalifu huu. Jicho linaona nguzo moja. Maandishi yanaona mbili.

Lakini nafasi ikiachwa tupu, programu hujijibu yenyewe kwa urefu wa kipande kutoka nodi hadi nodi, na nodi ni alama ya mchoraji tu. Akiikata boriti ya mita 9 vipande sita ili aweke mzigo wa kila papi, ukimya wake unasomeka kuwa mita 1.5, juu na chini. Huo ndio udhaifu mkubwa wa maandishi haya: pengo halionekani kama pengo, linaonekana kama jibu.

Madhara yake yako kwenye UNT na UNB. Boriti ya umbo la I ina mbawa mbili: UNT ni ya ule wa juu, UNB ya ule wa chini. Uzito wa paa hubana ubawa wa juu, nao umeshikwa na papi, kwa hiyo UNT ya 1.5 ni kweli tupu. Sasa dhoruba itoke ziwani, iingie kwa geti lililo wazi na kulisukuma paa kutoka ndani, huku upepo wa juu ukilivuta. Kiswahili kina kitenzi cha saa hiyo: kuezeka kunageuka kuezua, mzizi ule ule, kazi imepinduliwa. Na boriti inapinduliwa vilevile. Mabati yakishikilia, ubawa unaobanwa sasa ni wa chini, ambao hakuna papi inayougusa. UNB yake ni 9, mara sita ya ile ambayo programu iliikisia kwa kuachwa tupu.

Dawa ni vipande vifupi vya engo, vilivyoinama kutoka ubawa wa chini hadi kwenye papi. Vikifungwa kila papi ya pili, mhandisi ana haki ya kuandika 3. Siku ya kusimamisha jengo, engo hizo ni rahisi kusahaulika, maana paa linasimama vizuri bila hizo. Zikisahaulika, kwenye karatasi UNB itabaki 3. Juu ya ghala, ubawa wa chini utakuwa bado na mita zake 9, hadi upepo uje.