Shelisheli: deni lilelile, mlipwaji mwingine

Senti 93 na nusu kwa kila dola: kwa bei hiyo Shelisheli ilinunua tena sehemu ya madeni yake kutoka kwa nchi za Klabu ya Paris, kundi la serikali zinazokopesha, ili kupata fedha za kulinda bahari. Mpango huo umesifiwa sana kuwa msamaha wa deni. Punguzo la asilimia 6.5 ni dogo mno kuitwa msamaha. Kilichobadilika ni nani analipwa, kwa muda gani na kwa sharti gani, na hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe.

Nchi hii ina visiwa 115 ambavyo ukiviunganisha vyote havifiki kilomita za mraba 500. Bahari iliyo katika ukanda wake wa kiuchumi, kwa upande mwingine, ni kilomita za mraba milioni 1.35 hivi. Watu wake wanaishi kwa utalii na jodari. Oktoba 2008, mtikisiko wa fedha duniani ukiwa umepamba moto, serikali ilishindwa kulipa riba ya hati fungani ya dola milioni 230, wakati deni la umma lilishapita pato zima la taifa. Likaja Shirika la Fedha la Kimataifa, rupia ikaachiwa soko liipangie thamani, na mwaka 2009 Klabu ya Paris ikakubali kupanga upya madai yake.

Ndiyo kusema kwamba wazo la kubadilisha deni kwa hifadhi liliposhika kasi, kuanzia mwaka 2012, Shelisheli haikuwa tena mdaiwa aliyekata tamaa. Ilikuwa inalipa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya punguzo kuwa dogo: nani atauza kwa hasara deni linalolipika? Linganisha na Belize mwaka 2021, ambayo hati fungani yake ya dola milioni 553 ilinunuliwa kwa senti 55 kwa dola. Belize ilipata bei hiyo kwa kuwa Uviko ulikuwa umeiangusha, na wenye hati walihofu kukosa vyote.

Sasa tufuate fedha. Shirika la Marekani, The Nature Conservancy, lilikusanya dola milioni 20.2. Kati ya hizo, milioni 15.2 zilikuwa mkopo na milioni 5 msaada wa bure, ikiwamo milioni 1 kutoka taasisi ya mwigizaji Leonardo DiCaprio. Fedha hazikukabidhiwa Hazina moja kwa moja. Zilipitia SeyCCAT, mfuko wa amana ulioanzishwa kwa sheria yake mwaka 2015, ambao bodi yake inachanganya watu wa serikali na wa nje ya serikali. SeyCCAT ikaikopesha serikali, serikali ikanunua deni la dola milioni 21.6 lililokuwa likidaiwa na Ufaransa, Uingereza, Ubelgiji na Italia, kisha ikaiandikia SeyCCAT hati mbili za ahadi ya malipo.

Hati ya kwanza ni ya dola milioni 15.2 kwa miaka 10, riba asilimia 3, na fedha zake zinarudi kulipa ule mkopo. Ya pili ni ya milioni 6.4 kwa riba hiyohiyo, ila muda wake ni miaka 20 na fedha zake hazirudi kwa mkopeshaji yeyote. Inatoa dola 430,000 hivi kwa mwaka: 280,000 zinakwenda kwenye miradi ya hifadhi, na 150,000 zinawekwa katika mtaji wa kudumu ambao baadaye italiwa faida yake tu.

Jumlisha hati hizo mbili: 15.2 na 6.4 unapata 21.6, yaani deni lilelile. Ni kama shangazi akulipie deni lako dukani kwa Mangi, kisha akwambie: sasa nilipe mimi, taratibu, sehemu nitaiweka akiba kwa ajili ya shamba, na ile miti nyuma ya nyumba usiikate. Nafuu ipo, lakini iko kwenye muda uliorefushwa, na kwenye ruhusa ya kulipa sehemu ya fedha kwa rupia. Kwa nchi inayonunua karibu kila kitu nje, hilo la rupia si dogo.

Na ile miti? Sharti lilikuwa kwamba asilimia 30 ya bahari yote ihifadhiwe, nusu yake kwa ulinzi mkali, pasipo uvuvi wala utafutaji wa mafuta. Wakati mpango unaanza, eneo lililolindwa lilikuwa asilimia 0.04. Ili kufika huko ilibidi ichorwe ramani ya matumizi ya bahari yote, na kwenye meza ya kuichora walikaa wavuvi wadogo, watu wa jodari, wa utalii, wa bandari na wa mafuta, kila mmoja akivutia kwake. Ilichukua miaka. Februari 2018 zilitangazwa kilomita za mraba 210,000 za kwanza, ikiwamo bahari inayozunguka Aldabra. Machi 26, 2020, Rais Danny Faure alitia saini maeneo yaliyobaki, jumla ikafika 410,000. Wiki hizohizo Uviko ulikuwa ukifunga viwanja vya ndege.

Bei ya ramani hiyo ndiyo inayonishangaza kuliko deni. Kwa punguzo la dola milioni 1.4 na foleni ya malipo iliyopangwa upya, serikali ilijifunga mbele ya wakopeshaji na mbele ya dunia kwa jambo ambalo wizara peke yake isingelifikisha mwisho. Mvutano wa sekta ungeliua mapema. Deni lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na tarehe.

Hati fungani ya buluu ya Oktoba 2018, yaani ya kukopa kwa ajili ya bahari, na ya kwanza ya aina yake duniani kutolewa na nchi, ni hadithi fupi zaidi. Ilikuwa dola milioni 15 kwa miaka 10, ikanunuliwa na wawekezaji watatu wa Marekani. Riba yake ya asilimia 6.5 ingeumiza, hivyo Benki ya Dunia iliweka dhamana ya milioni 5, na Mfuko wa Mazingira Duniani ukatoa mkopo nafuu wa milioni 5 wa kusaidia kulipa riba, hata mzigo ukashuka hadi asilimia 2.8 hivi. Milioni 3 zilipelekwa SeyCCAT ziwe ruzuku, milioni 12 Benki ya Maendeleo ya Shelisheli ziwe mikopo. Ukiondoa wafadhili hao wawili, hati hii haisimami. Nchi inayotaka kuiga ianze kwa kuuliza nani atabeba tofauti ya riba.

Mfumo huu una ubora mmoja ambao hifadhi zetu nyingi hazina. Hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, inaishi kwa wageni. Wageni wasipokuja, mishahara ya walinzi inayumba. Malipo ya hati ya ahadi hayahesabiwi kwa idadi ya watalii.

Udhaifu unaonekana Aldabra. Kisiwa hicho kiko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, karibu zaidi na pwani ya Tanzania kuliko na mji mkuu wake. Kina kobe wakubwa zaidi ya 100,000, na kimekuwa urithi wa dunia tangu 1982. Mwaka 2019 wasimamizi wake, Seychelles Islands Foundation, pamoja na wanafunzi wa Oxford, waliokota tani 25 za takataka kwa wiki tano: nyavu na kamba za meli za uvuvi, na kandambili zisizo na idadi. Watafiti walikadiria kuwa zimebaki tani 513, sehemu kubwa kwa uzito ikiwa ni zana za uvuvi, na kwamba kuzisafisha kungegharimu dola milioni 4.68. Zile 280,000 za kila mwaka zingemalizwa na kazi hiyo moja kwa karibu miaka 17. Ukizigawa kwa eneo lote lililohifadhiwa, ni senti 68 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Doria, bila shaka, inalipwa na Hazina, lakini Hazina ndiyo ileile inayolipa hati mbili na hati fungani.

Hati ya miaka 10 inafikia ukingoni katikati ya muongo huu. Hati fungani inaiva 2028. Hati ya miaka 20 itakoma katikati ya miaka ya 2030, na kitakachobaki kwa ajili ya kilomita za mraba 410,000 ni mtaji wa kudumu: michango ya dola milioni 3, na chochote kitakachokuwa kimezaliwa juu yake.