Maji tu, kweli? Nasoma tena ile kolona yenye kusikia joto

Bandugu, mwaka niliandika mémoire yangu hapa Lubumbashi, nilingojea chupa moja ya asetonitrili miezi mitatu. Chupa ya lita 2,5. Ilikwama Kasumbalesa, na ilipofika tuliigawanya wanafunzi wane, sawa vile familia inagawanya mafuta ya kupikia. Nilidefandi na nusu ya majaribio yenye nilikuwa nimepanga. Njo maana, siku niliposoma kwamba kuna batu banatenganisha dawa na maji tu, niliacha hata chakula kipoe.

Kazi yenyewe ni ya 1996. Hideko Kanazawa, Teruo Okano na wenzao wa Japani waliitoa mu jarida Analytical Chemistry. Walichukua chembe za silika, zile zenye tunatumiaka mu kolona, wakazipandia polimeri inayoitwa poli(N-isopropilakrilamidi), tuseme PNIPAAm. Mu maji baridi, minyororo ya ile polimeri inajinyoosha na kushika maji. Joto likipita karibu 32°C, inaachilia maji, inajikunja, na ngozi ya chembe inaanza kupenda vitu vya mafuta-mafuta. Steroidi kama hidrokotizoni na testosteroni zinapita haraka kwa baridi. Kwa joto kolona inazishika, kila moja kwa muda wake. Mu kolona ya kawaida, mara nyingi ukiongeza joto vitu vinatoka mbio zaidi. Hapa ni kinyume. Unageuza joto, na hauongeze hata tone la kiyeyusho.

Ninaisifu bila kusita. Mu 2008 na 2009 asetonitrili ilipunguka dunia nzima, sababu inazaliwa pembeni tu, wakati viwanda vinatengeneza akrilonitrili ya plastiki. Magari yalipokosa wanunuzi, nayo ikakosekana. Labo za Ulaya na Marekani zilionja ile njaa yenye sisi tunaishi nayo kila mwaka. Tena kuna uchafu: kiyeyusho kikiisha kazi, sisi tunakimwangaka wapi? Mu lavabo. Tunajua wote, na tunanyamaza. Na protini nyingi zinaharibika zikikutana na viyeyusho vya nguvu, lakini maji ya vuguvugu zinavumilia.

Lakini kusifu si kufunga macho. Nina lawama tatu.

Ya kwanza: «maji tu» si maji ya robine. Ni maji yaliyosafishwa sana, yenye kupita mu pompa, mu kolona yenye joto lisiloyumba. Makala zinaandika «10°C» sawa vile mutu anaandika tarehe. Njoo Lubumbashi mwezi wa kumi! Labo yenye haina klimatizeri inaweza kupita 32 mbele ya saa nane ya mchana, na kolona yako itakuwa imejikunja yenyewe, bila ruhusa yako. Bukavu, asubuhi, itabaki imejinyoosha. Kwa hiyo tunahitaji kupasha na kupoza, na vyote viwili vinakula kuran. Kuran ikikatika katikati ya jaribio, kazi imekufa. Joto nalo ni kemikali ya kununua, ila fakture inatoka ofisi ingine.

Ya pili: vitu vya kupimia. Steroidi safi, zilizoyeyushwa vizuri, ni wageni wenye adabu. Mimi ninafikiria ganda la kinkina la Kivu, lenye tanini na alkaloidi zinazofanana kama mapacha. Kinini mu maji yenye asidi inabeba chaji, na PNIPAAm peke yake inashika zaidi vitu visivyopenda maji. Ni kweli, wakemia walishaongeza vipande vyenye chaji mu polimeri. Lakini vile vipande vinapandisha lile joto la kujikunja, basi wanaongeza tena kipande cha mafuta kulishusha. Ufundi mzuri, ila kila mmea unaweza kudai kolona yake.

Ya tatu: mara nyingi ile polimeri inapandwa juu ya silika ndani ya viyeyusho vilevile tunavyokimbia. Kolona ikidumu kwa mamia ya majaribio, hesabu inakubali. Ikizibwa na uchafu wa mimea kiisha wiki mbili, tumehamisha chupa tu, kutoka labo yetu hadi labo ya mwingine.

Pamoja na hayo yote, ningeichagua. Asetonitrili inategemea kiwanda cha mbali, meli na mpaka. Maji safi, kuran na termostati ni matatizo ya nyumbani: pano moja ya sola na bateri, mutu mmoja mwenye kujua kutengeneza frigo, tayari mumeanza. Tatizo la nyumbani linauma sana, lakini mukono wako unalifikia.

Wadogo wenye munatafuta sujet, mémoire iko pale. Musirudilie steroidi. Chukua dondoo chafu ya mmea wa kwetu, pima kolona inavumilia mara ngapi, na uandike saa ngapi za kuran kila jaribio limekula, pembeni ya mililita za kiyeyusho zilizookolewa. Ile tablo ya safu mbili, mimi niliitafuta mu zile makala zote nilizosoma. Sikuiona.