Jina la Lishe ni Sehemu ya Jaribio: Uhakiki wa Istilahi "Chakula cha Kimalawi"

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia jozi 317 za watoto pacha wa Malawi katika miaka mitatu ya mwanzo ya maisha yao. Vijidudu vya tumboni vya pacha waliotofautiana, mmoja akiwa na unyafuzi na mwenziwe mzima, vilipandikizwa kwa panya wa maabara waliolelewa bila vijidudu. Panya hao walilishwa mchanganyiko wa unga wa mahindi, majani ya haradali, vitunguu, nyanya, karanga, maharagwe mekundu, maboga na ndizi, ukaitwa chakula cha Kimalawi. Vijidudu vya wenye unyafuzi vilipokutana na chakula hicho, panya walikonda sana.

Ubora wa utafiti huu ni kukipa chakula uzito sawa na ule wa vijidudu. Lishe sanifu za maabara, mfano AIN-93 ya Marekani yenye kasini na mafuta ya soya, hukusudiwa kuwawezesha watafiti kulinganisha matokeo. Hazikusudiwi kuiga sahani ya mtoto wa kijijini. Kasoro imo katika jina.

Kwanza, "unga wa mahindi" si kitu kimoja. Wamalawi hutofautisha mgaiwa, unaosagwa pamoja na pumba na kiini, na ufa woyera uliokobolewa. Kiswahili kina dona na sembe. Kukoboa hupunguza mafuta, nyuzinyuzi na vitamini za kundi B. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "unga wa mahindi" tu anapoteza taarifa ya kisayansi ambayo lugha yake ina uwezo wa kuibeba.

Pili, jina la taifa hufunika tofauti za walaji. Mkazi wa Area 18 jijini Lilongwe hula nsima. Katika makazi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yaliyofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, wapo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, ambao kwao chakula cha nyumbani ni pamoja na ugali wa muhogo na sombe. Mshauri wa sera akisoma "chakula cha Kimalawi", huenda akadhani matokeo yanawahusu wote wanaoishi Malawi.

Tatu, jina halisemi chakula kilitayarishwaje. Joto la kuua vijidudu huharibu thiamini; karanga na mahindi yasiyopimwa huweza kuwa na sumukuvu, ambayo yenyewe hudhuru ini na kuvuruga majibu ya jaribio.

Inapendekezwa kwamba ripoti za Kiswahili zitumie "lishe ya jaribio", zikitaja viambato na viwango vyake, aina ya unga, namna ya kutakasa na kipimo cha sumukuvu. Jina la nchi libaki kueleza asili ya mapishi, lisigeuzwe kuwa kipimo cha mgao wa mtoto wa Dzaleka.