Sentensi Isiyo na Mtu

Hapa Runyenjes, wakinipata kwa kinyozi na kuna gazeti la Kiingereza, lazima nisome kwa sauti huku nikitafsiri. Ati mimi ni mtu wa chuo, ingawa chuo chenyewe nilikiacha mwaka wa pili.

Juni 26, 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, mzee aliyekuwa akinyolewa alinikatiza: "Kijana, umesoma ukurasa mzima. Nani alipiga risasi?"

Nikarudi kwa sentensi. Kila neno nililijua. Lakini ilisema tu watu "lost their lives", walipoteza maisha, kama mtu anavyopoteza simu kwa matatu. Risasi haikuwa na mwenyewe.

Tunalaumu msamiati bure. Neno gumu lina dawa. Gachagua alipoondolewa na Seneti Oktoba mwaka huo, "conservatory orders" ilitusumbua kidogo tu. Mtu akaeleza ni amri ya korti ya kusimamisha jambo kwanza kesi isikizwe, tukaendelea.

Mtego uko kwa neno rahisi. Rais Ruto aliposema hatatia saini mswada ule, tuliambiwa kila mahali umeondolewa. Lakini Kifungu cha 115 cha Katiba kinampa rais njia mbili: atie saini, ama aurudishe Bungeni. Aliurudisha, akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Kwa hivyo mswada ulikuwa mikononi mwa wabunge tena. "Umeondolewa" haikutuambia hilo.

Enyewe, mwandishi naye ana shida zake. Hakumwona aliyefyatua, na akikosea atashtakiwa. Sawa. Basi aandike hivyo: watu waliuawa kwa risasi, na bado hatujajua nani alifyatua. Hiyo inaeleweka na haimsingizii mtu.

Na Kiswahili chetu pia kisijifanye kitakatifu. "Waliuawa" angalau inakubali kuna muuaji, hata kama hatajwi. Lakini redioni tunasikia "walipoteza maisha" kila siku, tafsiri ya Kiingereza kilekile, na hakuna anayeshtuka.

Siku hizi nikikwama kwa sentensi ya siasa, sikimbilii kamusi. Natafuta kitenzi, halafu nauliza swali la yule mzee: nani? Jibu likikosekana, nawaambia waliokaa kwa benchi kwamba gazeti halijasema. Kabla ya siku ile ningesoma tu na kupita.