Kaburi la Mtawa, Mifupa ya Mbwa

Wapenzi wa vitabu, leo namleta mtu ambaye wengi wetu hatumhesabu kuwa mwandishi. John Soane alikuwa msanifu majengo wa Uingereza, maarufu kwa kazi yake kwenye Benki Kuu ya nchi hiyo. Mimi lakini naisoma nyumba yake ya Lincoln's Inn Fields, London, kama kitabu. Alinunua namba 12 mwaka 1792, akaongeza namba 13, kisha 14, na kwa zaidi ya miaka thelathini akawa anabomoa, anajenga, anabomoa tena. Ofisi ilikuwa humo humo: wanafunzi wake wakichora, mke wake Eliza akitunza nyumba, na Fanny, mbwa mdogo wa Eliza, akiwa mmoja wa familia.

Mwaka 1812, ujenzi wa namba 13 ukiendelea, Soane aliandika insha ya ajabu. Anajifanya mtu wa zama zijazo anayekagua magofu ya nyumba hiyo hiyo na kukisia: je, lilikuwa hekalu? Makao ya watawa? Ya mchawi? Hebu fikiria, saruji haijakauka na mwenye nyumba keshaiona imeanguka! Wazo ni zuri sana. Maandishi yenyewe, kusema kweli, yanachosha. Kila Soane anapokaribia jambo zito anageukia maadui zake, na mwishoni anazama katika kujihurumia.

Kisha maisha yakampa jambo la kulia kweli. Mwaka 1815 gazeti moja lilichapa makala za kuiponda kazi yake na nyumba yake, bila jina la mwandishi. Ikajulikana kuwa mwandishi ni George, mwanawe wa kumzaa. Eliza, aliyekuwa mgonjwa, akafariki Novemba mwaka huo. Soane alizitia makala hizo kwenye fremu na kuziandikia kwamba hayo ndiyo mapigo ya mauti aliyoyatoa George. Jamani, huo ni uhakiki wa vitabu wa aina yake: kumjibu mhakiki kwa kumtundika ukutani.

Fanny alikufa mwaka 1820. Miaka michache baadaye Soane akajenga, nyuma ya nyumba, chumba na ua wa mtawa aliyemtunga mwenyewe, aitwaye Padre Giovanni. Giovanni ni John kwa Kiitaliano, kwa hiyo mtawa huyo ni yeye, mzee mpweke aliyejificha nyuma ya jina la kigeni. Uani kuna kaburi. Mgeni anadhani ni la mtawa, kumbe waliolazwa pale ni mabaki ya Fanny, na juu yake kuna maneno matatu tu ya kumsikitikia, yaliyoazimwa kwa Hamlet pale anapoliinua fuvu la Yorick.

Wapo wanaoona ni utani tu. Mimi sikubali. Yorick alikuwa mchekeshaji wa mfalme, na Hamlet anaongea naye akiwa amekamata mfupa. Kicheko na msiba viko mkononi pamoja. Kiswahili chetu kinalielewa hilo haraka: ukisema "Masikini Fanny", neno moja limebeba huruma na ufukara wote, ingawa mbwa kwetu ni tusi, na kufa kifo cha mbwa ni kufa bila heshima. Soane alimpa mbwa heshima kwa sababu ndiye kiumbe wa mwisho aliyebaki wa upande wa Eliza asiye na kesi naye. Kwa mbwa hakuwa na haja ya kujitetea, na ndiyo maana hapa hakurefusha maneno. Katika kurasa zote alizoandika, kwangu mimi huu ndio mstari wake bora.

Lakini tusimwonee huruma hadi tukasahau. Mwaka 1833 alipata sheria ya Bunge iliyoifanya nyumba kuwa makumbusho baada ya kifo chake, ibaki kadiri iwezekanavyo kama alivyoiacha. Alikufa mwaka 1837 na George hakuirithi. Ndivyo ukarabati wa miaka yote ile ulivyofungwa: mbwa ana jiwe lake uani, na mtoto ana shutuma kwenye fremu. Mwandishi wa karatasi angeweza kulifuta neno akipoa hasira. Huyu aliandika kwa mawe, kisha akaliomba Bunge lizuie kifutio.