Kona Haidanganyi: Kuchagua Kanga Siku ya Mwisho Dar es Salaam

Aliyekuja Dar es Salaam kwa ajili ya sanaa huwa ameyamaliza makubwa kabla siku ya mwisho haijafika. Ameizunguka Sanamu ya Askari, ile ya shaba iliyosimikwa Samora mwaka 1927. Ameingia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Amefika Oysterbay kwa warithi wa Edward Saidi Tingatinga, na Mwenge kwa wachonga mpingo. Zimebaki saa chache, hela za mwishomwisho, na orodha ndefu ya shangazi na wifi wanaongoja zawadi. Basi anakimbilia Kariakoo, anasoma majina mawili matatu, anacheka, anafungiwa doti sita kwenye mfuko mweusi, safari imekwisha.

Hapo ndipo ninapogombana na wasafiri wa sanaa. Mtu amekaa robo saa mbele ya picha moja ya Tingatinga akichunguza madoa ya chui, halafu kanga anainunua kwa dakika mbili. Na kanga ni kazi ngumu kuliko anavyodhani: kuna mchoraji, kuna mtunzi wa maneno, kuna mfumaji na mpiga chapa, na wote wanne wanabanwa ndani ya kitambaa cha kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. British Museum ya London iliziweka kanga kwenye maonyesho yake ya vitambaa vya Afrika mwaka 2013. Sisi tunazo Mtaa wa Uhuru, zimening'inia mlangoni, na mwenye duka anakubembeleza uzishike. Makumbusho gani yatakuruhusu hilo?

Nenda asubuhi. Ukitokea katikati ya jiji, pita Mnazi Mmoja kwa miguu uingie Uhuru kabla jua halijakaza na kabla wanunuzi wa jumla kutoka mikoani hawajajaza vibaraza. Wakati huo muuzaji ana subira ya kukufunulia. Jambo la pili la asubuhi ni mwanga. Ndani ya maduka mengi kuna taa nyeupe zinazoifanya nyekundu ionekane ya damu na buluu ionekane ya bahari, ukifika nyumbani unakuta umenunua rangi nyingine. Omba utoke nayo barazani. Mwenye mali safi hatakukatalia, na yule anayesita umeshamjua.

Sasa kanga imefunuliwa. Wengi macho yanakwenda kwenye jina. Wewe anza na kona.

Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina ndani ya kisanduku chake sehemu ya chini ya mji. Kuchora mji si kazi kubwa, maana nafasi ni pana na kosa hujificha. Kuchora pindo lililonyooka pia si kazi kubwa, unarudia ua lile lile hadi mwisho. Shida inakuja pindo linapogeuka. Ule upande mrefu na ule mfupi hazina vipimo sawa, kwa hiyo maua yanayokwenda kulia na yale yanayoshuka chini yanafika kwenye kona kwa hesabu tofauti, na mchoraji lazima ayapatanishe. Mchoraji hodari ameliona jambo hilo tangu kwenye karatasi. Ameongeza jani hapa, amebana nafasi pale, au ameweka kwenye kona umbo maalumu linalopokea pande zote mbili bila kugombana. Mchoraji wa haraka ameacha ua likatike katikati, nusu korosho inaning'inia, mstari umekufa ghafla. Tazama kona zote nne, si moja. Nimeona kanga zenye kona mbili za kupendeza na mbili za aibu, kana kwamba kazi ilifika Ijumaa jioni.

Kona ikikubali, rudi nyuma hatua tatu utazame mji na pindo pamoja. Pindo zuri ni zito kuliko mji, au kinyume chake, lakini lazima mmoja amtawale mwenzake. Vyote viwili vikipiga kelele, mvaaji hataonekana, itaonekana kanga tu. Mimi hupenda mji wenye nafasi, wenye ua moja kubwa au korosho nne zilizotulia, kuliko mji uliojazwa kila pembe kwa kuogopa uwazi. Najua wako watakaobisha, hasa wanawake wa kwetu wanaosema kanga isiyochangamka ni shuka.

Ukitaka kulifunza jicho lako kwa nusu saa, tafuta kisutu. Ni ile kanga ya harusi ya tangu enzi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nyingine hazina jina kabisa. Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba mchoro haubadiliki sana. Ingia maduka matatu, omba kisutu katika kila duka, uzilaze pamoja kichwani mwako. Mchoro ule ule, rangi zile zile, kwa hiyo kinachotofautiana ni mkono wa kiwanda peke yake. Utaona nyeusi moja imekolea kama wino na nyingine imefifia kuwa kijivu. Utaona nyeupe iliyobaki nyeupe, na nyeupe iliyoguswa na nyekundu ikawa waridi. Baada ya hapo huwezi tena kudanganywa na kanga za michoro mipya, maana umeshajua kutenganisha mchoro na uchapaji.

Uchapaji wenyewe ni hivi. Kila rangi ina skrini yake. Kitambaa kinapita chini ya skrini ya kwanza kikapata nyekundu, kikapita ya pili kikapata nyeusi, na kuendelea. Skrini moja ikihama kidogo tu, rangi haikai mahali pake: petali inatoka nje ya mstari wake, na upande wa pili unabaki ukingo mweupe usio na kazi. Chungulia maua madogo ya pindo, ndiko uhamaji unakoonekana kwanza. Kuhama kidogo sana kunavumilika, hata kanga nyingi za zamani zinazopendwa zina kasoro hiyo. Kusivumiliwe pale panapogusa herufi za jina.

Halafu igeuze. Kanga huchapwa upande mmoja, hivyo nyuma itakuwa hafifu kidogo, lakini rangi iliyopenya uzi itaonekana na mchoro utasomeka. Nyuma ikiwa nyeupe kabisa, rangi imekaa juu tu, na kwa kawaida ukiipapasa mbele utahisi ugumu fulani kama utando. Hiyo itapauka mapema kwenye mikunjo. Lowesha ncha ya leso nyeupe, sugua pale penye rangi nzito kuliko zote. Alama hafifu si neno, hata kanga njema huchuja mara ya kwanza, ndiyo maana bibi zetu huiloweka kwenye maji ya chumvi. Leso ikigeuka nyekundu nzima, rudisha.

Kuhusu kitambaa sitasema mengi, kwa sababu mkono hujifunza upesi kuliko maelezo. Finyanga kipande kwa vidole kisha ukikung'ute: vumbi jeupe likitoka, ulikuwa unashika wanga, na mfuo wa kwanza utakuachia wavu. Kiinue kwenye jua uone kama nyuzi zimebanana. Muuzaji atakuambia, "Dada, hii pamba tupu, shika uone." Shika. Kama bado una wasiwasi, nunua doti moja, chomoa nyuzi mbili kwenye ncha, uzichome ukiwa mbali na duka la mtu. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Ikiyeyuka na kuganda kama shanga, ni nailoni na nduguze, na kwa joto la Dar hiyo ni adhabu ya mvaaji.

Sasa ndiyo usome jina. Mosi, lilipo. Kanga ikivaliwa kiunoni, jina hukaa nyuma, linasomwa na anayekufuata. Likiwekwa juu mno linamezwa na mkunjo wa kiuno. Mwambie muuzaji ajifunge juu ya suruali yake, wengi hawana hiyana, utaona mara moja. Pili, herufi: zinene, nafasi zilingane, na tahajia isikosewe. Kanga zichapwazo mbali na Waswahili hukosa herufi moja, na herufi moja yatosha kugeuza dua kuwa tusi.

Tatu, utunzi wenyewe. Jina la kanga zuri halimtaji mtu, na bado kila anayelisoma ana mtu wake kichwani. "Hasidi hana sababu" limechakaa kwa kuvaliwa, lakini sikiliza linavyotembea: maneno matatu, kisa kizima, na aliyeguswa hawezi kulalamika bila kujitaja. "Wema hauozi" ni jina la kumpa mtu kwa moyo mweupe. Siku hizi yako majina marefu kama barua, yanayoeleza ugomvi mwanzo hadi mwisho, fumbo likafa. Na uangalie unampelekea nani. Kumpa wifi kanga yenye neno la kuuma, kisa tu ulipenda rangi, ni vita ulivyovibeba mwenyewe ndani ya begi. Soma kwa sauti dukani kabla ya kulipa.

Kanga za sura za watu, za kampeni, za viongozi, ile ya Barack Obama ya mwaka 2008, zinunue kwa ajili ya historia. Kama kazi ya mkono, nyingi ni dhaifu, kwa kuwa uso wa mtu hautaki rangi tatu bapa zilizopakana. Kitenge nacho kina mahakimu wake, leo tukiache.

Wauzaji watakutajia asili. Kanga za Urafiki, kiwanda kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China, zina wapenzi wao hadi leo na ukiipata iliyotunzwa usiulize mara mbili. Mombasa kuna nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara mwaka 1887, na maandishi yake ya "Mali ya Abdulla" yanajulikana pwani yote. Kanga nyingi zimechapwa Jetpur, India, na zamani hata Japani ilituchapia. Sikiliza yote hayo kwa adabu, kisha rudi kwenye kona. Alama ya pembeni mtu yeyote mwenye skrini anaweza kuiiga, lakini kona iliyopatanishwa vizuri inahitaji mtu aliyefikiri.

Usiahirishe uliyoipenda. Michoro hubadilika haraka, na kanga uliyoiacha Jumatatu huenda Ijumaa isiwepo mtaa mzima. Ukiwa na watu wengi wa kupelekea, uliza bei ya korija, yaani ishirini, mgawane na mwenzako. Ukitoka Uhuru kuelekea soko kuu, inua macho utazame jengo alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lenye paa la zege lililofunguka kama miavuli iliyopinduliwa. Liliungua Julai 2021 likaingia kwenye ukarabati mkubwa.

Doti utaipata haijakatwa. Kabla ya kumpa fundi cherehani wa barazani, kunja vipande viwili kona kwa kona uhakikishe vinalingana, na ufuate uzi mmoja wa kitambaa kwa macho kutoka pindo hili hadi lile. Uchapaji ukiwa umekwenda upogo, mkasi ukifuata uzi utakula pindo upande mmoja, kwa hiyo mwambie akate kwa kufuata mchoro. Akunge kwa upindo mwembamba, uzi wa rangi ya pindo na si mweupe uliopo kwenye mashine, na alipwe akishamaliza pande zote.