Ugaidi, "Dili" na "Watu Wasiojulikana": Uhakiki wa Lugha ya Hofu katika Ukanda wa Dhahabu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoyataja mauaji ya watu wenye ualbino na ya wanawake wazee katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Yanadai kuwa athari za mauaji hayo kwa jamii, siasa na uchumi zinakaribiana na zile za ugaidi, ilhali msamiati uliozoeleka unawaficha wauaji na kuwageuza waathiriwa kuwa bidhaa.

1.0 Utangulizi

Dhana ya ugaidi imepata sura yake katika Kiswahili cha leo kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni riwaya ya upelelezi. Katika Kikosi cha Kisasi cha A. E. Musiba na Tutarudi na Roho Zetu? cha Ben Mtobwa, mwenye kutia hofu ni adui wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na hushindwa na shujaa mwenye akili na bastola. Ya pili ni tukio la tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 200, 11 kati yao wakiwa Dar es Salaam. Miaka minne baadaye ikatungwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Katika njia zote mbili gaidi ni mtu wa mbali, silaha yake ni bomu, na shabaha yake ni dola. Picha hii haitusaidii kuisoma hofu ambayo mwenye kuitia ni jirani, silaha yake ni panga, na shabaha yake ni mtoto aliyelala.

2.0 Je, huu ni ugaidi?

Mauaji ya watu wenye ualbino yalianza kuripotiwa kwa wingi kuanzia mwaka 2007, hasa Kanda ya Ziwa. Bryceson, Jønsson na Sherrington (2010) wameyahusisha na uchimbaji mdogo wa dhahabu: mchimbaji ambaye riziki yake hutegemea bahati ya duara humwendea mganga kuitafuta bahati hiyo. Kabla ya hapo, kwa miongo kadhaa, wanawake wazee wa Usukumani waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni unatosha kuyaeleza, yalihesabiwa kuwa ushahidi.

Ipo hoja ya kupinga. Gaidi hutaka kuonekana, ilhali muuaji huyu hutaka kujificha. Gaidi huidai dola jambo, na huyu hutafuta mali. Hoja hii ni ya kweli, na kuipuuza kuna hatari, kwani neno ugaidi likikosa mipaka huwa fimbo ya kumpigia yeyote. Kwa hiyo hatupendekezi tafsiri ya kisheria ipanuliwe. Tunachodai ni kwamba hofu hupimwa pia kwa athari zake, hata pale ambapo mwenye kuitia hakuikusudia.

Athari hizo ni bayana. Kijamii, watoto wenye ualbino walitenganishwa na wazazi wao na kuhifadhiwa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga: mwathiriwa ndiye aliyewekwa nyuma ya ukuta. Kiuchumi, mtu anayeogopa njia ya shambani halimi, na anayeogopa giza hafungui genge. Kisiasa, mwaka 2009 serikali ilisitisha leseni za waganga wa jadi wote, wema kwa wabaya, na kila uchaguzi unapokaribia hofu hupanda kwa sababu ya imani kwamba wapo wanaotafuta vyeo kwa njia hiyo hiyo. Raia anayeamini hivyo hawezi kumtazama mgombea kama mtumishi wake.

3.0 Msamiati unaoua mara ya pili

Neno la kwanza la kuhakikiwa ni dili. Mtu mwenye ualbino akiitwa "dili" barabarani, neno la biashara huwa limekalia kiti cha jina la mtu. Nalo neno viungo, linalojirudia katika habari za mauaji haya, ndilo neno la jikoni na sokoni. "Biashara ya viungo" inaweza kusomwa bila mshtuko, kana kwamba ni karafuu na iliki zinazouzwa. Kinyume chake, ualbino, nomino dhahania ya kiambishi u-, imeruhusu kirai "mtu mwenye ualbino", ambamo mtu hutangulia hali yake.

Kikongwe nalo limo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kipofu na kiziwi. Upatanisho wa kisarufi humrudishia ubinadamu wake, kwani twasema "kikongwe ameuawa", lakini kichwa cha habari "mauaji ya vikongwe" hakina kitenzi cha kumrudishia.

Zito zaidi ni "watu wasiojulikana", kirai cha taarifa za uhalifu ambacho tangu mwaka 2017 kimekuwa msemo wa siasa za taifa zima. Kitenzi julikana hakidai kutajwa kwa anayejua. Nani asiyewajua? Polisi, mwandishi, au kijiji? Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Kesi ilipoendeshwa, wauaji walikuwa na majina, makazi na jamaa. Kutojulikana, basi, si sifa ya muuaji. Ni taarifa kuhusu kazi ambayo haijafanywa, na sarufi imeigeuza kuwa sifa yake.

4.0 Hitimisho

Wanafunzi wetu wengi wamekutana na ualbino katika fasihi kupitia Takadini ya Ben Hanson, riwaya ya Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili ya ukanda wa dhahabu haitaweza kuazima shujaa wa Musiba, kwa kuwa hapa hakuna wa kupigwa risasi ukurasa wa mwisho. Pana mteja, mganga, mkata panga na jirani aliyenyamaza, nao wote husalimiana asubuhi. Mhakiki na mwandishi wa habari wanaweza kuanza na dogo: kila wanapokutana na "wasiojulikana", waulize hawajulikani kwa nani.